Bondia bora wa uzito wote: tunahesabu mikanda au tunahesabu usiku mgumu?

Kona Nyekundu

Wakuu, salaam.

Jumapili ile ya Septemba 14, 2025 sikulala. Alfajiri nilikuwa banda la video Mwananyamala, tumebanana kwenye mabenchi, tunamwangalia Terence Crawford akimpiga Canelo Alvarez kule Las Vegas. Majaji walitoa 116-112, 115-113 na 115-113. Tulipotoka jua limeshachomoza, mama wa chapati ameshawasha jiko, na ubishi ukahamia kwenye benchi lake. Chai haijapoa, jamaa mmoja akatangaza kwamba mjadala umefungwa, Crawford ndiye namba moja paundi kwa paundi, yaani bora kuliko wote bila kujali uzito. Mwingine akakataa: Usyk wa uzito wa juu. Wa tatu akasema tulieni, Inoue anapanda ulingoni leo hii hii. Na kweli, mchana tukakutana tena, safari hii watu sita kwenye simu ya kijana mmoja, Naoya Inoue akamshinda Murodjon Akhmadaliev kwa pointi kule Nagoya.

Siku moja tumewaona wawili kati ya watatu bora wa zama hizi, na jioni tulikuwa tumegawanyika kuliko asubuhi. Nimekaa nalo wiki nzima. Nadhani tunagombana kwa sababu kila mtu anajibu swali lake.

Kuna swali la wengi: wote wangekuwa na mwili sawa, nani angempiga nani? Hili mimi nimeliacha. Ukimkuza Inoue kutoka kilo 55 hadi kilo 100 huyo si Inoue tena. Kasi ile ya kuingia, kupiga ini na kutoka inabebwa na mwili ule ule mdogo. Na Usyk ukimkausha mpaka kilo 55 umemuua. Pale kijiweni kwetu kuna mtu anashikilia kwamba Twaha Kiduku angemmaliza Ibrahim Class. Ndiyo, atammaliza, amemzidi zaidi ya kilo kumi! Hapo umejifunza nini kuhusu ngumi?

Swali langu ni hili: nani amefanya kazi kubwa zaidi? Yaani ni usiku mingapi amepanda ulingoni kukutana na mtu aliyekuwa na uwezo wa kweli wa kumpiga, wakati mtu huyo bado ana nguvu zake, halafu akashuka na ushindi?

Msemo wenyewe wa paundi kwa paundi ulishika kwa sababu ya Sugar Ray Robinson. Alikuwa wa uzito wa welter, kilo 66. Mwezi wa pili 1943 Jake LaMotta, mtu wa uzito wa kati aliyemzidi zaidi ya kilo 7, akampa kipigo cha kwanza katika ngumi za kulipwa. Robinson alifanya nini? Wiki tatu baadaye alirudi kwa LaMotta yule yule na kumshinda. Walipigana mara sita, akashinda tano, na ya mwisho, Februari 14, 1951, akamvua ubingwa wa dunia. Juni 1952 akapanda tena, kilo 79, kumfuata Joey Maxim pale Yankee Stadium. Joto lilikuwa kali mpaka mwamuzi akashindwa kuendelea baada ya raundi ya 10, akaletwa mwingine. Robinson alikuwa anaongoza kwenye kadi zote. Raundi ya 14 hakuweza kuinuka kitini. Joto ndilo lililompiga, Maxim hakumpiga. Kwangu mimi kipigo hicho kina uzito kuliko mikanda mingi ya siku hizi.

Na mikanda ya siku hizi, wakuu, tusidanganyane. Uzito zipo 17, mashirika makubwa manne, na bado wanaongeza mikanda ya muda na ya "super". Henry Armstrong mwaka 1938 alishika ubingwa wa uzito wa unyoya, uzito mwepesi na welter kwa wakati mmoja, enzi ambazo uzito zilikuwa nane na bingwa wa kila uzito mmoja. Mikanda mitatu ya Armstrong mniletee minane ya leo tuipime kwenye mizani.

Orodha yangu kwa walio hai ulingoni Septemba hii ya 2025: Crawford, Usyk, Inoue. Crawford kwanza kwa sababu ametoka kilo 69 mpaka 76 akiwa na miaka 37, akamfuata bingwa kwenye uzito wake. Nawasilisha. Anayepinga aje na sababu.

Jebu la Kushoto

Mkuu Kona, umeandika vizuri ila umetega mtego ndani yake. Kwa kipimo chako, asiyepanda uzito hana maisha. Marvin Hagler hakuwahi kutoka uzito wa kati. Tangu 1980 mpaka 1987 alikaa pale pale kilo 72, akatetea ubingwa mara 12, na waliomjia walikuwa Duran, Hearns, Mugabi wa Uganda. Utamshusha kwa kuwa hakuhama nyumba?

Na Ricardo López wa Mexico je? Muda mwingi uzito wa chini kabisa, kilo 47, mapambano 52, ameshinda 51 na sare moja. Wengi humu hawamjui kwa sababu wadogo hawaoneshwi saa nzuri. Mimi nimemwangalia kwenye video mpaka usiku wa manane, ile mikono inarudi kidevuni kila baada ya ngumi, hata raundi ya 11. Hakuna bondia mkubwa ninayemjua aliyepiga kwa usafi ule. Jicho nalo ni kipimo, mkuu. Umelitupa.

Kona Nyekundu

Kaka Jebu, Hagler simshushi. Nilisema mtu mwenye uwezo wa kumpiga, sikusema lazima awe mzito zaidi. Hearns wa Aprili 1985 alikuwa na mkono wa kulia wa kumlaza mtu yeyote wa kilo 72, na Hagler alichanika paji la uso, daktari akapanda kumkagua, naye akatoka pale akammaliza raundi ya tatu. Huo ni usiku mgumu kamili.

Kwa López nakubali nilipitiliza. Lakini tatizo langu ni hili: ukishasema "jicho", tunarudi kijiweni. Jicho lako linapenda usafi, la mwenzako linapenda vita. Unalipimaje?

Jebu la Kushoto

Kwa kuangalia pambano zima bila sauti, mara mbili. Sitanii. Ukizima mtangazaji unaona miguu.

Binti wa Temeke

Kaka zangu shikamooni wale wakubwa, na wengine habari zenu.

Nimesoma mpaka hapa nikisubiri jina moja, sijaliona. Watu wanasema Crawford amefanya jambo ambalo halijafanyika, kushika mikanda yote minne kwenye uzito tatu. Ni mwanamume wa kwanza. Bondia wa kwanza ni Claressa Shields. Uzito wa kati aliikamilisha 2019, super welter 2021, na Februari 2025 akakamilisha uzito wa juu kwa kumshinda Danielle Perkins nyumbani kwao Flint. Kabla ya hapo ana dhahabu mbili za Olimpiki, 2012 na 2016. Kona kasema anahesabu kazi. Haya, kazi hii hapa.

Mimi nafanya mazoezi jimu ya huku Temeke mwaka wa tatu. Tuko wasichana wanne. Tunapewa glovu wavulana wakishamaliza, zimeshalowa jasho. Kwa hiyo mnapotengeneza orodha ya "bondia bora" na wanawake hamwakumbuki hata kwa kuwakataa, naliona hilo kwa macho mawili.

Kona Nyekundu

Dada, umenikamata na sina pa kukimbilia. Sikumweka wala sikueleza kwa nini sikumweka, na hilo ni kosa langu.

Ugumu ninaouona mimi ni wapinzani. Uzito wa juu wa wanawake una mabondia wachache mno, kwa hiyo kupanda kwa Shields si sawa na kupanda kwenye uzito uliojaa. Lakini hapo hapo najijibu: uchache huo si kosa lake. Acha nilifikirie, nitarudi.

Mwana wa Makorora

Wakuu mnazunguka dunia nzima, turudini nyumbani kidogo. Septemba 8, 2018, Birmingham, usiku wa Amir Khan na Vargas. Hassan Mwakinyo kapelekwa kwa Sam Eggington kwao Waingereza. Raundi ya pili mwamuzi kasimamisha. BoxRec, ule mtandao wa rekodi na viwango vya mabondia, ikampandisha zaidi ya nafasi mia moja kwa usiku mmoja! Tanga hatukulala. Huo si usiku mgumu wa Kona? Tangu siku ile kwangu Mwakinyo ndiye bora wa nchi hii paundi kwa paundi, na sitaki kusikia habari za nyota za BoxRec.

Jebu la Kushoto

Mdogo wangu, usiku ule mmoja hakuna anayeukana. Lakini 2022 alikwenda Liverpool kwa Liam Smith, mambo yakaisha raundi ya nne. Ukihesabu usiku lazima uhesabu na ule.

Na hizo nyota tusizidharau zote. Wengi huku tunaona "bondia wa nyota tatu" tunadhani ni cheo amepewa na mtu. Ni kompyuta inapiga hesabu: umempiga nani, naye alimpiga nani, lini. Haina kabila wala mtaa. Ubaya wake ni kwamba haioni ulingo. Mtu akiletewa wageni wa kuokoteza, wa kuanguka raundi ya kwanza, rekodi inanenepa hata kama pointi hazipandi sana, na bango la pambano linaandika rekodi, haliandiki waliopigwa ni akina nani.

Mwana wa Makorora

Sawa kaka, lakini taja mwingine wetu aliyekwenda kwao na kumaliza kazi raundi ya pili.

Jebu la Kushoto

Kwa ngumi za kulipwa unanibana. Ukiniruhusu ridhaa, Michael Yombayomba alirudi na dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur 1998, uzito wa bantam. Na kabla hatujazaliwa wengi wetu, Titus Simba alichukua fedha Edinburgh 1970 uzito wa kati, aliyemzuia fainali ni John Conteh, ambaye baadaye akawa bingwa wa dunia. Mashindano yale huchagui mpinzani. Unapangiwa, na kesho kutwa unapangiwa mwingine. Ila orodha za paundi kwa paundi haziwajui watu hawa kabisa.

Mzee wa Ndoo

Wanangu, nimewasoma wote. Nimeshika ndoo na taulo kwenye kona miaka mingi, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Mnabishana juu ya uzito bila kuuliza uzito wa saa ngapi.

Nilikuwa na kijana Manzese, wa kilo 57. Alikuwa na jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele, ambalo hata leo nikifumba macho naliona. Jioni kabla ya kupima uzito alikuwa na 59 na nusu. Tukamvisha koti la nailoni, juu yake sweta, akakimbia kutoka Manzese hadi Ubungo na kurudi. Usiku kucha alikuwa anatafuna bigijii na kutema mate kwenye kopo la rangi. Sikumpa maji, nilimpa kitambaa chenye unyevu apake midomo. Saa nne asubuhi akapanda mizani: 57 kamili. Midomo myeupe kama aliyekula unga.

Mpinzani wake akaja saa sita. Mizani ikasoma 60 na ushee. Nikasema hapana, hili si pambano tulilosaini. Mwandaaji akanivuta pembeni, akaniambia watu wameshanunua tiketi na kijana wangu akigoma halipwi hata nauli. Kijana mwenyewe akaniambia, "Mzee, twende tu." Alikuwa na kodi ya chumba.

Raundi mbili za kwanza alimfundisha yule mtu ngumi. Ya tatu nikaona mkono wa kushoto haurudi juu. Ya nne akaangushwa kwa ngumi ambayo siku zote alikuwa anaikwepa huku anacheka. Rekodi yake mpaka leo imeandikwa KO raundi ya nne. Hakuna mahali palipoandikwa kilo tatu.

Na msidhani ni mambo ya uswahilini tu. Zamani walipima asubuhi ya siku ya pambano. Siku hizi wanapima siku moja kabla, mtu anakauka, halafu ana saa ishirini na nne na zaidi za kunywa na kula. Februari 2000, New York, Arturo Gatti alipimwa kwa pambano la kilo 63 na ushee. Usiku wa pili yake alipanda ulingoni akiwa na karibu kilo 72. Joey Gamache aliyesimama mbele yake aliumizwa kichwa, na ndio ukawa mwisho wake wa ngumi. Kwenye karatasi walikuwa uzito mmoja.

Kwa hiyo mkimpa mtu sifa ya kupanda uzito, ulizeni: usiku ule, ulingoni, nani alikuwa mzito? Na mkimsifu mtu kwa kumpiga jina kubwa, ulizeni kama jina hilo lilikuwa limekaushwa. Oscar De La Hoya alipopigana na Pacquiao Desemba 2008, alishushwa mpaka kilo 66 ambazo hakuwa amezipigania tangu 2001. Nilimwangalia anavyopanda ngazi za ulingo nikamwambia mke wangu, huyu ni yule kijana wangu wa Manzese.

Binti wa Temeke

Shikamoo mzee. Nimesoma huku natetemeka, maana mwezi ujao nashuka kutoka 54 kwenda 51.

Mzee wa Ndoo

Marahaba binti yangu. Anza leo, kidogo kidogo, usisubiri wiki ya mwisho. Na maji usiache mpaka kocha wako akueleze kwa nini, na akikosa maelezo ya kueleweka, usiache.

Kona Nyekundu

Mzee shikamoo. Nimerudi.

Nilichukua kalamu nikapitia upya kwa swali la mzee: usiku ule, ulingoni, nani alikuwa mzito. Kwa Pacquiao nimetoa pointi kwa De La Hoya kama mzee alivyosema, nikazirudisha kwa Margarito. Novemba 2010, Texas, mkataba ulikuwa kilo 68, lakini saa ya kupigana Margarito alikuwa amemzidi zaidi ya kilo 7. Mtu aliyeanza na ubingwa wa dunia kilo 50! Raundi 12, akamvunja mfupa wa pembeni ya jicho, na mwishoni Pacquiao mwenyewe alikuwa anamtazama mwamuzi kama anayeomba asimamishe. Wale wanaosema 2015 Mayweather alimfunga mdomo, sawa, alimshinda kwa haki na rekodi yake ya 50 bila kupoteza ni rekodi. Lakini nikihesabu usiku, Pacquiao anampita.

Sasa walio ulingoni. Uzito wa juu hakuna kukauka. Hakuna mizani ya kuidanganya, kila mtu anakuja na mwili wake. Mwanzoni nilidhani hilo linawanyima sifa watu wa uzito wa juu, kwa kuwa hawana pa kupanda. Nimeligeuza. Usyk alimaliza kazi kilo 90 mwaka 2018 kwa kukusanya mikanda yote, akapanda, na tangu hapo amekuwa mdogo: Joshua mara mbili, Fury mara mbili, Dubois mara mbili. Mei 2024 Fury alimzidi zaidi ya kilo 15. Raundi ya tisa usiku ule Fury alikuwa anagonga kamba moja hadi nyingine kama mlevi, na mwamuzi akamhesabia. Hakuna mkataba wa uzito uliomsaidia Usyk, hakuna mtu aliyekaushwa.

Crawford amefanya hivyo usiku mmoja mkubwa, na ulikuwa mzuri ajabu. Usyk amefanya usiku sita. Nambadilisha. Usyk wa kwanza, Crawford wa pili.

Inoue wa tatu, na msidhani namshusha kwa udogo. Luis Nery alimkalisha Tokyo raundi ya kwanza, Mei 2024. Mwaka mmoja baadaye Ramon Cardenas akamkalisha Las Vegas. Zote mbili aliinuka akammaliza aliyemkalisha. Ninachokisubiri ni apande unyoya.

Dada wa Temeke, Shields nimejaribu kumweka wa nne nikaona naogopa, wa pili nikaona nabahatisha. Kwa kipimo changu mwenyewe anatakiwa awe juu ya Inoue, maana amekamilisha uzito tatu na Inoue mbili. Kwa wapinzani, anashuka. Niambie wewe unayepanda ulingoni.

Binti wa Temeke

Wa tatu. Na Inoue wa nne. Raundi zetu ni za dakika mbili, tunapigana kumi, hatupewi muda wa kumchosha mtu, na bado Perkins alikwenda chini raundi ya 10.

Kona Nyekundu

Nimeandika. Wa tatu.

Mwana wa Makorora

Mzee wa Ndoo, yule kijana wa kilo 57 bado anapigana?

Mzee wa Ndoo

Hapana mwanangu. Anaendesha bajaji, kituo chake Ubungo. Jumamosi asubuhi huja jimu kabla hajaanza kazi, anawafundisha watoto jebu. Juzi nilimpandisha mizani kwa kumtania, akasoma 71. Mkono wa kushoto bado unarudi kidevuni.